Kutoka Kisumu au Nakuru hadi ufuo wa Ziwa Turkana: mwongozo kamili wa safari ya kwanza

Wengi wanaotoka huku kwetu kwenda kuona Ziwa Turkana huishia Lodwar. Wanashuka kwenye basi wamechoka, jua linawaka, pesa za kukodi gari hazikuwekwa kando, mwenye boti hashiki simu. Kesho yake wanarudi Kitale na picha za mji. Siku hizi Kitale hadi Lodwar ni lami na basi litakufikisha. Kinachowashinda watu ni zile kilomita 60 na ushee za mwisho, kati ya Lodwar na maji, ambazo kila mtu huzipangia "tutaona tukifika".

Mwongozo huu ni wa ufuo wa magharibi pekee: Kalokol, Ghuba ya Ferguson, Eliye Springs na Kisiwa cha Kati. Loiyangalani iko ng'ambo, upande wa mashariki, na njia yake ni Nyahururu, Rumuruti, Maralal, Baragoi na South Horr. Ziwa lina urefu wa kilomita 250 hivi na usitegemee feri ya kukuvusha. Ukimwambia dereva wa Lodwar akupeleke Loiyangalani, atacheka kwanza, kisha atakutajia bei ya mzaha.

## Vitu vya kuwa navyo

Maji. Jerikeni ya lita 10 kwa kila mtu, uijaze Lodwar. Hesabu lita 5 za kunywa kwa mtu mmoja kwa siku, na usipige hesabu hiyo kwa kujilinganisha na unavyokunywa Nakuru. Beba pia chupa ya chuma au ya plastiki nzito. Chupa za plastiki za kutumia mara moja zilipigwa marufuku katika mbuga za kitaifa Juni 2020, na Kisiwa cha Kati ni mbuga ya kitaifa.

Dawa na kinga. Pakiti kadhaa za ORS (unga wa kurudisha maji na chumvi mwilini), dawa ya maumivu, plasta, bandeji na chandarua. Watu wa Kisumu hawahitaji kuambiwa habari ya chandarua. Wa Nakuru ndio hukiacha nyumbani, na malaria ipo Turkana.

Mavazi. Shati la pamba la mikono mirefu, kofia yenye ukingo mpana, leso au shuka ya kujifunika uso upepo ukipiga mchanga. Viatu viwe na soli nene. Mathenge, mti wa miiba, imetapakaa kote huko, na mwiba wake hupenya ndara bila kusitasita.

Karatasi na pesa. Kitambulisho cha taifa kikae mfukoni, maana kwenye vizuizi vya polisi kitaulizwa. Noti ndogo ndogo nyingi: mama anayeuza chai Kalokol hana chenji ya elfu moja.

Umeme. Tochi ya kichwani, pawabanki, na ramani uliyoipakua kwenye simu kabla ya kuondoka. Kati ya mji na mji mtandao hupotea.

Ukienda na gari lako. Liwe la kuvuta magurudumu yote manne. Spea mbili, pampu ya upepo, kipimo cha upepo wa tairi, koleo, kamba ya kuvutia, na kipande cha ubao mpana cha kuwekea jeki, kwa sababu jeki ikiwekwa juu ya mchanga mtupu huzama yenyewe na gari hubaki pale pale.

## Hatua ya 1: Chagua siku, kisha ongeza moja

Joto la Lodwar halina msimu. Mchana hufika nyuzi 35 mwaka mzima, kwa hivyo usipoteze muda kutafuta mwezi wa baridi. Kinachostahili kuangaliwa ni mvua. Eneo lile hupata karibu milimita 200 tu kwa mwaka, lakini zikinyesha hazina simile. Lagga, ile mito mikavu unayoiona imejaa mchanga mweupe, hujaa maji ghafla.

Kinachowaponza wageni ni kwamba lagga inaweza kujaa wakati anga la juu yako ni safi kabisa. Mvua imenyesha mbali, kwenye milima, na maji yanateremka saa kadhaa baadaye. Epuka Aprili ukiweza, na mwisho wa mwaka uliza kwanza.

Panga kufika Lodwar siku ya kazi, si Jumapili. Halafu ongeza siku moja ya akiba kwa ajili ya upepo. Anayeenda na ratiba iliyokazwa, Ijumaa kwenda na Jumapili kurudi, huyo boti asiifikirie.

## Hatua ya 2: Lala Kitale

Kutoka Kisumu pita Kakamega na Webuye. Kutoka Nakuru pita Eldoret. Kwa vyovyote utafika Kitale umekula sehemu kubwa ya siku, na hapo ndipo pa kulala. Sababu ni moja: kipande kinachofuata kinataka mchana mzima, na ukikianza saa nane utakimaliza gizani.

Ramani ya simu huenda ikakupendekezea Bonde la Kerio, utokee Marich kupitia Chesegon na Sigor. Inaonekana fupi kwa mtu wa Nakuru. Usiifuate. Wizi wa mifugo na mashambulizi yamelisumbua bonde hilo kwa miaka, na gari geni lililoharibika huko halina wa kulisaidia haraka.

Nunua Kitale vitu vya kawaida: matunda, mkate, dawa, betri. Lodwar vipo, ila vimepanda lori na bei imepanda navyo. Jaza tangi.

Mwenye kwenda kwa basi akate tiketi jioni hiyo na achague gari la asubuhi. Yapo yanayosafiri usiku na makanga atakuapia kwamba ndilo zuri zaidi kwa sababu "hakuna jua". Ni kweli hakuna jua. Hakuna pia cha kuona, na sehemu ya kusini mwa Turkana si ya kupita gizani.

## Hatua ya 3: Kitale hadi Lodwar, mchana

Ni karibu kilomita 300. Unapita Makutano ya Kapenguria, Chepareria, Ortum, kisha unateremka Marich kati ya milima na mto. Kama ni msimu wa mvua, uliza hali ya barabara ukiwa bado Makutano: Novemba 2019 maporomoko ya ardhi Pokot Magharibi yaliua watu wengi na kukata mawasiliano ya barabara huku.

Marich ndipo sweta hutoka. Umetoka Kitale, mwinuko wa karibu mita 1,900, unakwenda Lodwar, karibu mita 500. Anza kunywa maji hapa, kabla ya kiu. Usisubiri kichwa kiume.

Kainuk ni mpaka wa Pokot Magharibi na Turkana. Kati yake na Lokichar ndicho kipande ambacho kwa miaka kimekuwa na visa vya magari kushambuliwa. Mwenye gari lake asimame kwenye kituo cha polisi aulize hali ya siku hiyo, kisha aandamane na magari mengine. Kanuni yangu ni rahisi: malori yakisimama, nami nasimama. Dereva wa lori la samaki ana haraka kuliko mtalii yeyote, kwa hivyo akiegesha akaagiza chai ujue kuna neno.

Lokichar unaweza kula. Nyama ya mbuzi hapo haihitaji sifa zangu.

*Ukifanikiwa:* umeingia Lodwar kabla ya saa kumi alasiri, maji bado yapo kwenye chupa, na una saa mbili za mwanga za kushughulikia hatua inayofuata.

## Hatua ya 4: Jioni ya Lodwar

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoamua kama utaliona ziwa. Usilale kabla hujamaliza mambo haya.

Toa pesa. Benki na mawakala wa M-Pesa wapo. Mbele ya hapa usitegemee mashine ya kutolea pesa.

Lipia kisiwa. Kama unataka Kisiwa cha Kati, ada ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori hulipwa kwa njia ya eCitizen, si mkononi. Lipa ukiwa na mtandao mzuri na uhifadhi picha ya risiti kwenye simu, maana ukiwa ufuoni ukurasa unaweza kuzunguka tu bila kufunguka.

Tafuta gari. Muulize mwenye lojingi, si mtu wa kwanza anayekukimbilia steji. Ukipata dereva, muulize anatoka wapi. Anayetoka Kalokol au ana ndugu huko ana faida mbili: anaijua barabara na anamjua mtu wa boti. Halafu mkubaliane kwa maneno yasiyo na ukungu, mbele ya mtu wa tatu:

"Ni kwenda na kurudi, na kulala huko usiku mmoja. Mafuta ni yako ama yangu?"

"Mafuta ni yako, boss. Gari na mimi ndiyo hiyo bei."

"Na upepo ukitushika siku ya pili?"

Hapo atanyamaza kidogo apige hesabu. Msubiri. Bei ya siku ya pili ikitajwa Lodwar huwa ya kibinadamu; ikitajwa ufuoni ukiwa huna gari lingine, utailipa tu.

Bila gari la kukodi kuna matatu na probox za Kalokol zinazoondoka zikijaa, na pikipiki. Probox ni nafuu na inafaa kwa anayeishia Kalokol. Pikipiki kwa umbali ule, kwenye jua lile, siipendekezi kwa mtu ambaye hajazoea.

Chumba. Chumba chenye bati na dirisha dogo hushika joto hadi usiku wa manane. Uliza kama unaweza kulala uani au juu ya paa na chandarua chako. Hutaonekana wa ajabu. Wenyeji wengi hulala nje.

## Hatua ya 5: Kalokol au Eliye?

Eliye Springs ni mahali pa kupumzika. Kuna chemchemi na mikoma mirefu iliyoinamia ufuo, na mahali pa kulala. Njia yake hutoka kwenye barabara ya Kalokol na ni mchanga mwingi, kwa hivyo gari la kawaida halifai.

Kalokol ni mji wa wavuvi. Hauna urembo, una kazi. Ghuba ya Ferguson iko karibu, na hapo ndipo mahali pa kawaida pa kupandia boti ya Kisiwa cha Kati. Njiani, kabla hujaingia mjini, pana nguzo za mawe za Namoratunga kando ya barabara. Simama dakika kumi, usipande juu yake wala kuzisogeza.

Mwenye siku moja tu achague Kalokol. Watu watanibishia kwa sababu picha za Eliye ni nzuri zaidi. Lakini aliyekwenda kujua ziwa lile linaishije, na hasa mtu wa Kisumu anayejua maana ya samaki sokoni, ataona mengi Kalokol kabla ya saa nne asubuhi.

Jihadhari na ramani za zamani na picha za zamani. Maji ya ziwa yamepanda katika miaka ya karibuni na kumeza sehemu za ufuo, miti na majengo. Njia unayoiona kwenye simu inaweza kuwa inaishia majini.

## Hatua ya 6: Kuendesha kwenye mchanga

Ondoka Lodwar saa kumi na mbili asubuhi. Mchanga wa asubuhi umeshikana. Wa saa saba ni laini na unachoma.

1. Kabla ya kuingia mchangani, simama mahali pagumu. Punguza upepo wa tairi zote nne hadi kipimo cha psi 18 au 20. Unafinya kivalvu kwa ncha ya ufunguo, upepo unatoka ukifoka, na ubavu wa tairi unaanza kufanya tumbo. Tairi pana hukanyaga juu ya mchanga. Tairi ngumu huukata na kuzama.

2. Weka gia ndogo ya magurudumu manne na uende mwendo wa wastani usiobadilika. Usikanyage breki ghafla, usikate kona kali.

3. Gari likianza kulemewa, ondoa mguu. Kosa la kila mgeni ni kukanyaga mafuta zaidi: magurudumu yanazunguka, mchanga unaruka nyuma, na katika sekunde chache gari limekaa kwa tumbo. Ukiacha mapema, mtachimba dakika kumi. Ukikazana, mtachimba hadi jua likolee.

4. Ukinasa, ondoa mchanga nyuma ya kila gurudumu, laza matawi makavu au mbao, kisha rudi nyuma kwa alama zako mwenyewe. Usitumie matawi ya mathenge. Utajinasua kutoka mchangani uingie kwenye pancha.

5. Ukifika kwenye lagga yenye maji, zima gari usubiri. Hata maji ya magotini yakienda kasi hubeba gari. Mara nyingi hupungua baada ya saa chache.

6. Ukirudi kwenye barabara ngumu, jaza upepo tena. Tairi laini ikikimbizwa kwenye lami hupata moto na kupasuka.

*Ukifanikiwa:* unaliona ziwa mbele, rangi yake kati ya kijani na kijivu, kabla ya saa tatu.

## Hatua ya 7: Ukifika ufuoni

Salimia kwanza. "Ejoka" inatosha kufungua mazungumzo, na "alakara" ni ya kushukuru. Wazee wapewe mkono. Kisha uulize ofisi ya BMU, kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo, kama vile ungefanya Dunga au Usenge kule Ziwa Victoria, ujitambulishe na kusema umekuja kufanya nini. Ukitambulishwa na BMU, maswali ya "nyinyi ni nani" huisha hapo.

Kamera ikae begani hadi uruhusiwe. Kupiga picha watu bila kuuliza, hasa akina mama wenye shanga, huleta ugomvi wa haki. Wengine watataka malipo. Kubaliana kabla, si baada.

Tembea penye samaki. Mbuta amepasuliwa mgongoni akafunguliwa kama kitabu, ametiwa chumvi na kulazwa juani juu ya wavu, na upepo unamkausha kuliko jua. Utasikia Kijaluo pia. Wafanyabiashara wa kutoka Nyanza wanalijua soko hili vizuri.

Sasa maonyo. Maji ya ziwa hili ni ya magadi na yana floridi nyingi. Utaona wenyeji wakiyatumia, lakini tumbo lako usilijaribie. Usioge wala usisimame majini bila kuonyeshwa mahali na mwenyeji: mamba wa Turkana ni wengi na wakubwa. Usiku vaa viatu kila unapoinuka, umulike unapokanyaga, na ukung'ute viatu asubuhi. Kuna nge, na kuna nyoka wadogo wenye sumu kali wanaokaa kwenye mawe na mchanga, rangi yao haionekani.

Kuanzia saa tano hadi saa kumi kaa kivulini. Mwenzako akianza kuchanganya maneno, ngozi yake ikawa moto na jasho limekauka, hilo ni joto limempanda. Mlaze kivulini, mvue nguo nzito, mlowanishe mwili mzima, mpepee bila kuacha, na gari lielekee hospitali ya Lodwar. Usimlazimishe kunywa kama hajielewi.

## Hatua ya 8: Boti hadi Kisiwa cha Kati

Mtu wa Kisumu amezoea ziwa linalotulia asubuhi na kuchafuka baada ya mchana. Hapa usibebe kanuni hiyo. Upepo wa kusini mashariki huvuma kwa nguvu usiku na kuingia asubuhi, na mara nyingi hupungua kadiri siku inavyosonga. Upepo wa bonde hili si wa mchezo: ng'ambo ya ziwa, karibu na Loiyangalani, umejengewa mitambo 365 ya umeme.

Kwa hivyo muda wa kuondoka auamue nahodha. Mwambie tu kwamba huna haraka. Mwenye haraka hupata nahodha mwenye tamaa, na hao wawili kwenye boti moja ni hatari.

Kabla ya kupanda, angalia mwenyewe:

- Jaketi la kuokolea maisha kwa kila mtu, na ulivae likiwa limefungwa. Lisilokutosha likatae.
- Mafuta ya kwenda na kurudi, na akiba. Uliza uonyeshwe jerikeni, usikubali "yapo".
- Kopo la kukumba maji.
- Makasia.
- Simu ya nahodha, na mtu wa BMU anayejua saa mnayotarajiwa kurudi.

Wavuvi wakiwa wamevuta boti zao nchi kavu mchana kweupe, usimshawishi mtu akupeleke. Hiyo ndiyo kazi ya ile siku ya akiba.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, kilomita mraba 5 hivi, cha volkano, na ndani yake mna maziwa matatu ya kreta: la Mamba, la Flamingo na la Tilapia. Panda ukingo wa kreta taratibu, changarawe huteleza. Ukiwa juu, ziwa moja liko miguuni pako na lile kubwa limekuzunguka pande zote. Mamba huzaliana hapa, kwa hivyo usishuke hadi maji ya kreta bila askari wa mbuga au nahodha kukuongoza, na usikatize kwenye nyasi za ukingoni. Geuza boti mapema. Nahodha hapaswi kutafuta ufuo gizani.

## Hatua ya 9: Kurudi

Ondoka ufuoni alfajiri, ulale Lodwar au uunge basi la asubuhi. Ukichelewa kutoka Kalokol, usijaribu kulala Kitale siku hiyo hiyo kwa gari la kukodi. Utaifikia Kainuk jioni, saa mbaya kuliko zote.

Ukinunua samaki mkavu, mfunge kwenye gunia, si kwenye mfuko wa plastiki, kwa sababu mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini tangu 2017 na samaki mwenyewe huvunda akikosa hewa. Mlipe makanga nauli ya gunia kabla ya kupanda, aliweke kwenye buti. Abiria wa Lodwar wamezoea harufu hiyo. Wa kutoka Kitale kwenda Nakuru watakuteremsha.